Programu Nazo Zifanyiwe Mtihani, Tena kwa Kiswahili

Hapana mwalimu anayempa mwanafunzi cheti kabla ya kumtahini. Hata fundi wa mashua katika ufuo wa Dunga hamkabidhi mvuvi chombo kipya kabla ya kukishusha majini na kutazama kama kinavuja. Lakini programu za kompyuta, ambazo siku hizi hutujumlishia alama za wanafunzi, hutunza kumbukumbu za wagonjwa na kuhesabu malipo ya wavuvi, tunazipokea kwa mikono miwili bila ya kuuliza: ni nani aliyezitahini, na maswali ya mtihani huo aliyatunga nani?

Makala haya yanalihusu hasa swali hilo la pili. Hoja yangu ni kwamba maswali ya kuipima programu hayapasi kutungwa na mwandishi wa programu peke yake. Yafaa yatungwe pamoja na mtu aijuaye kazi ambayo programu hiyo inakusudiwa kuifanya, awe muuguzi, karani wa ufuoni au mwalimu wa darasa, na yatungwe kwa lugha ambayo mtu huyo anaimudu barabara. Kwetu sisi tunaoishi Kisumu na katika fuo za Ziwa Viktoria, ambako Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Msuba hukutana sokoni kila siku, lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili. Zana za kuifanya kazi hiyo zipo na hazina bei. Kilichobaki ni sisi walimu na wanafunzi kuzishika.

Kwanza, tueleze zana hizo ni zipi. Mnamo mwaka 2003 Mwingereza mmoja aitwaye Dan North alianza kutengeneza zana iliyoitwa JBehave, na mwaka 2006 akachapisha maelezo ya njia yake ya kufanya kazi. Alikuwa ameona kwamba waandishi wa programu walitatizwa sana na neno "jaribio". Hawakujua waanzie wapi kujaribu, wajaribu nini, wala wakomee wapi. Akapendekeza kwamba badala ya kuuliza "tujaribu nini?", waulize "programu hii inatarajiwa iwe na mwenendo gani?" Yaani, mtu akiitendea hivi, yenyewe ijibu vipi? Swali hilo laweza kujibiwa na mtu yeyote aijuaye kazi, hata kama hajapata kuandika mstari mmoja wa msimbo maishani mwake.

Mwaka 2008 Aslak Hellesøy, raia wa Norwe, alitoa zana iliyoenea kuliko zote za aina hii, akaiita Cucumber, maana yake tango. Lugha ndogo inayotumiwa kuyaandikia matarajio hayo ikaitwa Gherkin, yaani tango dogo la achari. Baadaye zikafuata nyingine zilizoiga mtindo huo: Behat kwa wanaoandika kwa lugha ya PHP, Behave kwa wanaoandika kwa Python, na kadhalika. Zote hizi ni programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Shule haidaiwi ada ya leseni, na zana ikishapakuliwa mara moja, yaweza kuendeshwa katika kompyuta isiyokuwa na intaneti.

Jinsi zinavyofanya kazi si jambo gumu kueleweka. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kanuni inayojulikana ufuoni kote ni kwamba mbuta, ambaye majirani zetu wa Tanzania humwita sangara, asivuliwe akiwa chini ya urefu wa sentimita 50. Tangu mwaka 2007, serikali ilipotoa kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, wavuvi wenyewe wamekuwa na wajibu katika kulinda sheria za aina hii. Tuseme sasa kwamba chama cha kompyuta katika shule moja ya upili kinataka kukiandikia kikundi cha ufuoni programu ya kuwasajili samaki wanaoshushwa. Kabla ya kuandika msimbo wowote, wanafunzi huketi na karani wa ufuoni, wakaandika hivi:

Kisa: Mbuta mdogo hapokelewi
Ikiwa kipimo cha chini cha mbuta ni sentimita 50
Na mvuvi amemleta mbuta wa sentimita 49
Pindi karani anapouandika urefu huo
Basi programu imkatae samaki huyo
Na imweleze karani sababu ya kumkataa

Haya ni maandishi ya kawaida ambayo karani anayaelewa bila ya kufasiriwa. Lakini pia ni maandishi ambayo mashine yaweza kuyafuata. Kila sentensi huunganishwa na kipande kifupi cha msimbo ambacho huitwa hatua. Zana huisoma sentensi ya kwanza, ikaitafuta hatua yake, ikaitekeleza. Kisha ikaiendea ya pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Hatua ikifaulu, mstari wake huonyeshwa kwa rangi ya kijani. Ikifeli, huonyeshwa kwa rangi nyekundu, na hatua zilizobaki katika kisa hicho hurukwa. Na kama sentensi haijaandikiwa hatua, zana husema wazi kwamba hailijui jambo hilo, tena mara nyingi humpa mwanafunzi kiunzi cha hatua inayokosekana ili akijaze.

Sasa tazameni yale ambayo kisa hiki kifupi kimetulazimisha kuyafikiri. Mbuta wa sentimita 49 amekataliwa. Je, wa sentimita 50 barabara? Karani atasema apokelewe, kwa kuwa kanuni inamkataza aliye chini ya 50 peke yake. Basi huongezwa chini ya kisa hicho jedwali dogo la mifano: 49 akataliwe, 50 apokelewe, 51 apokelewe. Zana hukirudia kisa kizima kwa kila safu ya jedwali. Wenye uzoefu wa kazi hii wanajua kwamba makosa mengi ya programu hujificha hapo hapo mpakani, baina ya nambari moja na jirani yake. Na mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba mpaka huo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la hesabu. "Asiyepungua sentimita 50" ni samaki mmoja. "Anayezidi sentimita 50" ni samaki mwingine. Mwandishi wa programu ambaye hazitambui tofauti hizo atamnyima mvuvi haki yake, na hatajua kwamba amemnyima.

Huko kulijaribu jambo kwa njia ya lugha ndiko kunakonifanya niseme kwamba somo hili si la mwalimu wa kompyuta pekee. Kisa kimegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu ina umbo lake la kitenzi. Sehemu ya kwanza hueleza hali iliyokwisha kuwapo, nasi tuna kiambishi -me-: mvuvi amemleta samaki. Sehemu ya pili hutaja tendo moja linalotokea wakati maalumu, nasi tuna -po-: karani anapouandika urefu. Sehemu ya tatu hueleza matarajio, nasi tuna kitenzi chenye kiishio cha -e: programu imkatae. Mwanafunzi anayechanganya sehemu hizi, akaweka matendo matatu mahali pa tendo moja, au akataja tarajio lisiloweza kuonekana kwa macho, zana yenyewe haitamkataza, lakini wenzake wanaokisoma kisa watamuuliza mara moja. Sijui zoezi jingine la sarufi ambalo husahihishwa kwa haraka na kwa haki namna hiyo.

Kuna na hili la kauli ya kutendwa, ambayo sisi Waswahili tunaipenda mno. Twaandika "bei itasahihishwa", "taarifa zitapelekwa", "samaki watapimwa". Atasahihisha nani? Atapeleka nani, tena kwa nani? Katika barua ya ofisini kuficha mtendaji kwaweza kupita, na huenda ndiyo heshima yenyewe. Katika kisa cha kupimia programu hakupiti, kwa sababu mashine haiwezi kutenda pasipo kuambiwa ni nani mtendaji. Kijana aliyezoea kuandika visa hivi atajifunza kuuliza "nani?" kila asomapo tangazo la serikali ama ripoti ya chama, na hiyo ni faida ya uraia isiyohusiana na kompyuta hata kidogo.

Mfano mwingine unaotuhusu sisi ni ule wa saa. Kivuko cha kati ya Luanda K'Otieno na Mbita huwavusha abiria wanaohesabu saa kwa Kiswahili. Abiria akisoma katika simu yake kwamba chombo kinang'oa nanga "saa 2 asubuhi", anaelewa kwamba ni saa mbili baada ya mapambazuko. Lakini mashine iliyotengenezwa kwa hesabu ya Kizungu huiandika saa hiyo kuwa 8:00, na 2:00 kwake ni kati ya usiku wa manane na alfajiri. Programu ikitafsiriwa neno kwa neno tu, bila ya mtu kuandika kisa kinachosema "Ikiwa chombo kinaondoka saa mbili asubuhi, basi abiria aone saa mbili asubuhi", kuna siku atakayefika gatini akute maji matupu. Kosa hilo hawezi kulibashiri mtaalamu aliyeko ng'ambo, hata awe hodari namna gani. Sisi twaweza, kwa kuwa ndiyo saa tuliyokua nayo.

Iwapo kumkosa abiria kivuko ni jambo dogo, tugeukie hospitali, ambako kosa kama hilo laweza kumdhuru mtu. Kanda yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Mwezi wa Februari mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2004 ilianza kuundwa programu huria iitwayo OpenMRS, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi duniani. Mwaka 2012 Kenya ikaanza kuweka katika vituo vyake vya afya mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya msingi huo huo wa OpenMRS, na kaunti za ukanda huu wa ziwa, ambazo zimeumizwa na Ukimwi kuliko sehemu nyingi za nchi, zimo miongoni mwa zilizoutumia. Wajenzi wa OpenMRS wamewahi kuandika visa vya kupimia programu yao kwa Gherkin na kuviendesha kwa Cucumber. Kwa hiyo tunayoyazungumza hapa yamekwisha kutumika katika kazi inayomgusa mgonjwa wa Homa Bay na wa Siaya.

Hebu tuutunge sisi wenyewe mfano wa kliniki. Mgonjwa amepewa tarehe 1 Machi dawa za siku 90, kidonge kimoja kwa siku. Programu imwandikie arudi lini? Kijana wa kompyuta atajibu upesi: jumlisha 90. Lakini muuguzi aliyeketi kando yake atauliza: kidonge cha kwanza anakimeza leo au kesho? Akikimeza leo, cha mwisho kitamezwa tarehe 29 Mei. Akianza kesho, cha mwisho ni tarehe 30. Naye muuguzi ataongeza kwamba mgonjwa hapasi kurudi siku ambayo chupa imekwisha kuwa tupu. Arudi kabla, kwa kuwa mvua yaweza kunyesha na matatu zikakosekana. Hivyo tarehe ya kurudi itangulie mwisho wa dawa kwa siku kadhaa. Ni siku ngapi? Na ikiangukia Jumapili, isogezwe mbele au nyuma? Kijana alidhani ana jibu moja, sasa ana maswali manne, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo angelipata katika kitabu cha usimbaji. Faida kubwa ya zana hizi ni mazungumzo hayo yanayotokea kabla ya mashine kuwashwa. Rangi ya kijani inayofuata baadaye ni ushahidi kwamba mazungumzo hayo hayakusahauliwa.

Hata katika elimu yenyewe ushahidi uko karibu. Pale Maseno, ambapo mstari wa ikweta hupita, walimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Maseno wamekuwa wakitumia, tangu mwaka 2019, programu huria iitwayo STACK kuwapa wanafunzi wao mazoezi na kuyasahihisha. STACK ilianzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza mwaka 2004, na ni programu-jalizi, yaani nyongeza inayochomekwa ndani ya programu nyingine, nayo ni Moodle, inayotumiwa na vyuo vingi kuendeshea masomo. Moodle ilianza kupimwa kwa Behat katika toleo lake la 2.5 la mwaka 2013, na STACK nayo ina visa vyake vya Behat. Kwa hiyo mwanafunzi anayejibu swali la hesabu pale Maseno anategemea, bila ya kujua, sentensi zilizoandikwa na watu wa mbali ili kuhakikisha kwamba mwalimu akifanya hivi, mwanafunzi aone vile. Sentensi hizo ziko wazi kwa kila mtu. Mwalimu yeyote aweza kuzifungua, akawaonyesha wanafunzi wake namna programu inavyotahiniwa, na hata akaongeza kisa chake.

Je, yawezekana kuviandika visa hivi kwa Kiswahili? Bila shaka yawezekana. Gherkin imetengenezwa ili maneno yake machache ya msingi yaweze kuandikwa kwa lugha zaidi ya 70. Humo mna Kiafrikana na Kiindonesia. Mna hata Kiklingoni, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya filamu, na Kiingereza cha maharamia, kilichowekwa kwa mzaha. Lakini kwa miaka mingi Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu na lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, hakikuwamo katika orodha hiyo. Nani alaumiwe? Wenye zana hawakukikataa. Utaratibu wa programu huria ni kwamba atakaye lugha yake iwemo huileta orodha ya maneno yake, ikakaguliwa, ikaingizwa. Maneno yenyewe hayafiki ishirini: huduma, kisa, mifano, ikiwa, pindi, basi, na, lakini. Maharamia wa mzaha walipata wa kuwasemea. Sisi tulikuwa tumeketi tukilalamika kwamba Kiswahili kinapuuzwa na wenye mitambo. Mwenye shoka hakosi kuni, lakini shoka lililoegemezwa ukutani halimpasulii mtu kuni.

Najua kutakuwa na wapinzani. Watasema kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, na kumfundisha mtoto visa vya Kiswahili ni kumpotezea muda. Hawa wanachanganya mambo mawili. Msimbo utaendelea kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kuyajua. Kisa ni kitu kingine. Kisa ni mkataba baina ya anayeijua kazi na anayeijua mashine. Mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo upande mmoja hauielewi vizuri haumlindi yeyote. Kama karani wa Usenge anakimudu zaidi Kidholuo, basi sentensi ziandikwe kwa Kidholuo. Hatua za msimbo zitazipokea vivyo hivyo.

Wapinzani wengine ni wataalamu wenyewe, na hawa hoja yao ina uzito zaidi. Husema kwamba visa vya namna hii ni vizito kuendesha, hasa vikihitaji kufungua kivinjari na kubonyeza vitufe kama afanyavyo mtu. Husema pia kwamba sentensi zikiwa mamia, kuzitunza huwa ni mzigo, na kwamba katika makampuni mengi visa huandikwa na mjaribu peke yake, asiketi na mtu yeyote, hata ikawa ni kazi mara mbili isiyo na faida. Yote hayo ni kweli. Jibu lake ni kiasi. Visa viandikwe kwa mambo yale tu ambayo yakikosewa mtu ataumia: tarehe ya dawa, kipimo cha samaki, jumla ya alama. Mambo madogo ya ndani yapimwe kwa majaribio mafupi ya kawaida ambayo waandishi wa programu wanayajua. Na kisa kisichotokana na mazungumzo kisiandikwe kabisa.

Pia tusidhani kwamba kijani ni hakikisho la ukamilifu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra alikuwa akiwakumbusha wenzake kwamba majaribio yaweza kuthibitisha kuwapo kwa makosa, lakini hayawezi kuthibitisha kutokuwapo kwake. Mwalimu yeyote analijua hilo: mwanafunzi aliyepata alama zote katika mtihani wetu amethibitisha tu kwamba anayajua yale tuliyomuuliza. Ndiyo maana ubora wa mtihani hutegemea mtungaji wa maswali.

Neno moja juu ya nyongeza. Zana hizi zimezungukwa na programu-jalizi nyingi: za kuendesha kivinjari, kama Selenium iliyoanza mwaka 2004, za kupamba ripoti, za kumsaidia mwandishi ndani ya kihariri chake. Vijana hupenda kuzikusanya kama mtoto akusanyavyo vifuniko vya soda. Lakini kila nyongeza ni mgeni wa kulishwa. Siku mwenyewe akiacha kuitunza, aliyeitegemea hubaki na tatizo. Wanaoandika kwa mfumo wa .NET wanalijua hilo. Walikuwa na zana yao iitwayo SpecFlow, iliyoanza mwaka 2009. Kampuni iliyokuja kuimiliki, Tricentis, iliacha kuitunza mwishoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo watumiaji wake hawakuachwa jangwani. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, Gáspár Nagy, aliyekuwa mwanzilishi wake, aliyachukua na mwaka huo huo wa 2024 akatoa Reqnroll, zana inayoendeleza kazi ile ile. Mafunzo ni mawili: chagua nyongeza chache, na uchague zile ambazo maandishi yake yako wazi, ili mwenye nyumba akihama, wapangaji waweze kubaki na nyumba.

Jambo la mwisho ni la wakati huu tulio nao. Leo mashine za akili unde huandika msimbo kwa dakika chache, na wapo wanaowaambia wanafunzi kwamba hapana haja tena ya kujifunza lolote. Mimi naona kinyume chake. Ikiwa kuandika msimbo kumekuwa rahisi, basi kilichobaki kuwa adimu ni kusema kwa usahihi unachokitaka, na kuhakiki kama ndicho ulichopewa. Mashine itakuandikia programu ya kliniki kabla chai haijapoa, lakini haitauliza kama mvua hunyesha Mbita na matatu zikakosekana. Atakayeuliza ni yule aliyefundishwa kuuliza.

Basi tufanyeje? Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji katika shule za msingi na za upili. Mlango huo ulipofunguliwa, wengi waliuona kuwa ni wa mwalimu wa kompyuta pekee. Napendekeza kwamba katika kila chama cha kompyuta shuleni, mwalimu wa Kiswahili naye aalikwe, na wanafunzi wasiruhusiwe kuandika msimbo kabla ya kuandika visa vitano pamoja na mtu mmoja wa nje aijuaye kazi: mama muuza omena, kinyozi, mhasibu wa shule. Wasio na kompyuta waviandike daftarini; nusu ya somo hili huhitaji kalamu tu. Vyuo navyo, kuanzia Maseno na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo hadi Kisumu National Polytechnic, vitenge sehemu ya alama za mradi wa mwaka wa mwisho kwa ajili ya visa vilivyosomwa na kukubaliwa na mtumiaji. Na vijana wanaokutana LakeHub hapa mjini wakae na wataalamu wa lugha, washauriane na wenzao wa BAKITA huko Tanzania, ili maneno ya msingi yawe mamoja Afrika Mashariki nzima, wasije wa Kisumu wakaandika "pindi" na wa Mwanza "wakati" kwa jambo lile lile.

Hayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala ruhusa ya waziri. Yahitaji mwalimu mmoja, wanafunzi wachache, na mtu mmoja aijuaye kazi yake akubali kuulizwa maswali. Programu zitazidi kuingia katika hospitali, fuo na shule zetu tupende tusipende. Maadamu zinatuamulia mambo, haki yetu ni kuzitahini, na mtungaji wa mtihani asiwe mtu wa mbali asiyetujua. Walimu, kalamu mnazo. Tungeni maswali.